Jaribio la Watani

Hellen Machibya alikuwa binti mwenye adabu zake zote isipokuwa moja: hakuweza kuvumilia kazi yake ikosolewe. Umwambie ugali wake umeungua, atacheka. Umwambie nywele zake leo zimekataa kulala, atacheka zaidi na kukuomba kitana. Lakini kiguse kitu alichokaa akakitengeneza kwenye kompyuta, hapo utamwona anavyovuta mdomo. Na sasa alikuwa ametengeneza tovuti.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya Klabu ya Matembezi, klabu ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Mwanza kilichojengwa mlimani, mahali ambapo mabweni yamejibana katikati ya mawe kama yaliyochelewa kupata nafasi. Hellen ndiye aliyeianzisha klabu hiyo mwaka wake wa kwanza, alipokuwa mgeni kutoka Magu, hana hata mtu wa kumwazima kalamu. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: nani anataka kupanda mawe Jumamosi? Wakaja wanne. Walipanda hadi kileleni, wakala chapati huku wakilitazama ziwa, na jioni Hellen aliporudi bwenini kulikuwa na watu waliomwita kwa jina. Tangu siku hiyo aliacha kupiga simu nyumbani akilia.

Ndiyo maana mshauri wa wanafunzi alipomwita na kumweleza kwamba klabu yoyote isiyofikisha wanachama thelathini ifikapo mwisho wa mwezi ujao itafutwa, Hellen alitoka ofisini humo akihesabu watu kwa vidole. Wao walikuwa kumi na mmoja, tena ukimhesabu na yule aliyehamia Dodoma.

"Tovuti itatuokoa," alimwambia Rahim. "Mtu anaifungua, anaiona safari ya Saanane, anajiandikisha, kwisha kazi."

Rahim alikuwa mmoja wa wale wanne wa siku ya kwanza, kijana wa Sengerema, mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuuliza swali ambalo hukutaka kuulizwa. Wote wawili walisoma teknolojia ya habari, darasa moja. "Tuijaribu kwanza kwa watu," alisema. "Mwalimu alivyotufundisha. Unampa mtu simu, unampa kazi ya kufanya, halafu unanyamaza unamtazama. Humwelekezi, humsaidii, wala hujitetei."

"Kwa nini nijitetee? Kwani nimeshtakiwa?"

"Ndiyo hivyo, umeshaanza," alisema Rahim.

Hellen akakubali kwa shingo upande. Wakawaalika wanafunzi wachache waje mmoja mmoja kwenye chumba cha klabu, Jumatano mchana. Sasa, mgeni ni mgeni. Nani anamwita mtu kwake, anamkalisha na simu mkononi, bila hata maji ya kunywa? Hellen aliamka mapema akapika chapati za maji na chai ya maziwa yenye tangawizi, na kila aliyeingia alikula kwanza, akashiba, akajifuta mikono, ndipo akapewa simu.

Wa kwanza alikuwa Dorcas wa bweni la jirani. Rahim akamwambia, "Unataka kwenda kisiwa cha Saanane na klabu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Jiandikishe."

Dorcas akafungua. Kioo kizima cha simu kikajaa picha ya Hellen, amesimama juu ya jiwe, ziwa nyuma yake, anacheka. "Jamani, picha nzuri hiyo!" alisema Dorcas. Akaitazama. Akaigeuza simu upande, akaitazama tena. Akaendelea kuitazama kwa muda ambao hata yule wa kwenye picha alianza kuona haya. Mwishowe akairudisha simu mezani taratibu kwa mikono miwili. "Hongera sana, Hellen. Umejitahidi."

"Umejiandikisha?" aliuliza Rahim.

"Nitajiandikisha nikifika bwenini. Unajua mimi simu za watu huwa zinanishinda."

Akafuata Chenge wa mwaka wa tatu, ambaye alikula chapati nne. Chenge alibonyeza jino la Hellen kwenye picha. Akabonyeza jiwe. Akabonyeza ziwa. Hellen akashindwa kujizuia, akanyoosha kidole: "Sogeza chini kidogo, hapo, kuna kitufe." Rahim akakohoa. Chenge akasogeza, akakiona kitufe, akasema, "Aaa, kumbe! Mimi tu ndiye mshamba. Tovuti haina tatizo hata kidogo."

Wakaja na wengine, na mambo yakawa yale yale. Mmoja alilaumu mtandao, mwingine alilaumu macho yake, na wa mwisho aliomba msamaha kana kwamba amevunja kitu. Wote walisifia. Wote waliondoka wakisema asante kwa chakula.

"Umeona?" alisema Hellen akikusanya vikombe, uso umemng'aa. "Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha."

"Chenge alijiandikisha."

"Wewe ndiye uliyemwandikisha Chenge. Kidole chako kiliingia kwenye jaribio kabla ya chake." Rahim alijikuna shingo. "Hellen, wamekula chapati zako. Mtu amekula, amekunywa, mwenye nyumba amekaa mbele yake anamtazama usoni. Ulitaka akwambie nini?"

Hellen akanuna. Alinuna siku mbili kamili, na siku ya tatu akaitangaza tovuti kwa chuo kizima kama ilivyokuwa, picha yake, jiwe lake na yote. Wiki ikapita. Akawa anachungulia asubuhi, anachungulia darasani chini ya meza, anachungulia akipiga mswaki. Aliyejiandikisha alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Rahim.

Jioni moja Rahim alimkuta nyuma ya maktaba, amekaa juu ya jiwe, kompyuta imefungwa mapajani. Hakuwa amenuna tena. Alikuwa na hofu, na aliisema wazi.

"Wakiifuta hii klabu, mimi ninarudi kuwa yule wa mwaka wa kwanza," alisema. "Kila mtu ataenda zake. Hata wewe utapata watu wengine."

"Mimi siendi popote," alisema Rahim. Kisha akauliza moja ya yale maswali yake. "Hivi duniani kuna mtu anayeweza kukwambia kitu chako kibaya, na wewe usinune?"

Hellen alitaka kujibu kwamba hayupo. Halafu akamkumbuka binamu yake Masalu, mtoto wa shangazi yake, ambaye siku ya sherehe ya kipaimara alisimama mbele ya wageni wote akatangaza kwamba gauni la Hellen limeshonwa kwa pazia la sebuleni, na kwamba mwenye pazia analitaka kabla jua halijazama. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Hellen naye alicheka mpaka machozi, kwa sababu Masalu ni mtani wake, na kwa mtani hakuna kununa. Ukinuna, wanakucheka mara ya pili.

"Watani wangu," alisema polepole. "Masalu. Na Bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi Paskazia. Huyo ndiye hatari kabisa. Amekuja mjini juzi kuchukua miwani, amefikia kwa shangazi Tereza, mama yake Masalu, kule Igoma."

Rahim alikuwa ameshasimama. "Jumapili," alisema. "Na usipike chochote."

Jumapili mchana waliwakuta watu wa Igoma wamekaa barazani. Masalu, kijana mnene mcheshi anayeuza makava ya simu pale Makoroboi, aliwaona kwa mbali akaanza kupiga makofi. "Karibuni! Mama, ficha mapazia, Hellen kaja!" Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Bibi Paskazia, amejifunga kitenge, na usoni amevaa miwani mipya mikubwa ambayo bado ilikuwa na karatasi ndogo ya dukani pembeni. Hakutaka ibanduliwe, alisema, mpaka bwana wake, babu yake Hellen, aione kule Magu.

"Mwadila, Bibi," alisalimu Hellen kwa Kisukuma akipiga goti.

"Mwadila, mke mwenzangu. Bwana wetu anakusalimu. Anasema tangu umepata chuo humpikii tena, na mimi nimemwambia ni bahati yake." Bibi akamgeukia Rahim. "Na huyu mlefu?"

"Shikamoo, Bibi. Naitwa Rahim."

"Malahaba, Lahim. Wewe ndiye unayetaka kumuiba mke wa mzee wangu? Mchukue, usiludishe."

Rahim akakosa pa kuangalia. Bibi akamsogezea sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, na karanga za kukaanga pembeni. Alikuwa amekuja navyo kutoka Magu ndani ya kapu. Rahim akala, akamnong'oneza Hellen, "Safari hii anayejaribu ndiye aliyetulisha sisi. Hana deni la adabu kwetu." Kisha akachukua viazi viwili vikavu, akamwekea Hellen mkononi. "Hivi vitie mdomoni. Tafuna. Ukitaka kusema neno, tafuna kwanza."

Rahim akampa Bibi simu, akaeleza. Bibi Paskazia hakuwa mgeni wa simu. Alikuwa na yake, na kila asubuhi alipokea jumbe za sauti za wenzake wa kwaya ya kigango na kuwajibu kwa sauti kubwa mara mbili ya walivyotuma wao. "Kuna safari ya kwenda Saanane, Bibi. Unataka kwenda. Jiandikishe."

"Saanane!" alisema Bibi. "Nilikisikia kisiwa hicho tangu ningali msichana. Walisema kuna wanyama. Nimekuja mjini mala ngapi sijui, kila mala nakiona kwa mbali, sijawahi kuvuka." Akaisogeza simu, akairudisha, akaiweka sawa mbele ya miwani. "Mbona ni wewe?"

Hellen akatafuna.

"Nimeambiwa nitafute safali, nimekuta meno. Masalu, njoo uone. Ni meno matupu."

Masalu akachungulia juu ya bega lake. "Bibi, hiyo ni kliniki ya meno. Umekosea mlango."

"Sasa safali iko wapi? Imejificha nyuma yake?" Bibi akabonyeza pua ya Hellen. Akabonyeza paji la uso. Hakuna kitu. "Na hivi vistali vitatu hapa juu ni nini? Uchafu?" Akashika ncha ya kitenge, akasugua kona ya kioo kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Ukurasa ukaruka, orodha ndefu ikajitandaza, ikafunga, ikafunguka tena, na mwishowe tovuti yote ikapotea. Masalu alikuwa ameinama ameshika magoti kwa kucheka. Shangazi Tereza alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani ameumia.

Rahim akaifungua tena. Hellen mashavu yalikuwa yamemvimba viazi. Machozi yalimlenga, na hakujua kama ni ya kicheko au ya uchungu, maana vyote viwili vilikuwa vimemshika pamoja.

"Labda ni macho, Bibi," Rahim alisema kwa upole.

"Macho?" Bibi akaivua miwani, akaiinua juu kama mchezaji aliyeshinda kombe. "Macho haya daktali ameyapima juzi, na kalatasi ya duka hii hapa bado mpya. Macho yangu ni mazima. Kosa si langu, Lahim. Kosa ni la mke mwenzangu."

Hellen akaacha kutafuna. Dorcas alilaumu simu, Chenge alilaumu ushamba wake, yule mwingine alilaumu macho. Huyu wa kwanza kukataa lawama alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, na alikuwa anacheka.

Lakini Bibi alikuwa hajamaliza. Alirudisha miwani puani, akaitazama ile picha tena, na safari hii sauti yake ilishuka.

"Halafu niulize. Wenzako wako wapi?"

Hellen akameza. "Wenzangu wapi, Bibi?"

"Si ulituambia umepata malafiki chuoni? Mwaka ule ulitupigia simu, bwana wetu akaamka kitandani kuja kusikiliza. Ulisema mlikuwa watano juu ya mawe, mkala chapati. Hapa umesimama peke yako. Mtu akiona hivi atasema, huyu anajitembelea mwenyewe. Mimi siwezi kufuatana na mtu anayetembea peke yake, nitaongea na nani njiani?"

Hakuna aliyecheka. Masalu mwenyewe alijiweka sawa kitini. Hellen akamtazama Rahim, na Rahim akaangalia sahani ya karanga, kwa sababu alikuwa anajua, na kwa muda wote huo hakuwa amesema. Picha ile ilipigwa siku ile ya kwanza. Walikuwa watano. Hellen ndiye aliyekata wenzake wote, kushoto na kulia, kwa kuwa mmoja alikuwa amefumba macho, na Rahim alikuwa na chapati mdomoni, na picha ilionekana vurugu. Alitaka ionekane nadhifu.

"Niliwakata," alisema Hellen. "Niliwakata mimi mwenyewe." Ilimuuma kusema, ikamuuma hasa kwa sababu Rahim alikuwa pale pale.

"Basi waludishe," alisema Bibi, akachukua karanga. "Kazi ndogo hiyo."

Haikuwa ndogo sana, lakini ilifanyika. Waliifanya wawili kwenye chumba cha klabu, mlango wazi, na kila mara Hellen alipotaka kuweka urembo fulani Rahim alimwuliza kama Bibi ataufuta kwa kitenge. Vistari vitatu vilivyoficha orodha vikaondoka. Ile picha ikarudi nzima, ikapunguzwa, ikakaa juu tu: watu watano wamesimama juu ya jiwe, mmoja kafumba macho, Rahim na chapati yake, Hellen katikati anacheka kitu ambacho hakuna aliyekumbuka. Chini yake, kabla hujasogeza kidole, maneno makubwa: Twende Saanane. Na kitufe chekundu: Naenda.

Walipoijaribu tena, hawakupika. Kila mwanachama aliagizwa alete mtani wake: binamu, shemeji, babu aliyekuwa mjini, yeyote mwenye ruhusa ya kumsema. Chumba kilijaa kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Shemeji mmoja alisema rangi ya kitufe inafanana na soksi za mumewe. Babu mmoja aliuliza kwa nini hawakuandika watu wakutane wapi, kwani wataogelea? Wakaandika: Capri Point, langoni, saa mbili asubuhi, njoo na maji na kofia. Hellen alikaa pembeni akiandika kila kejeli, na alicheka zaidi ya wote. Akagundua kwamba kazi yake ikisemwa hivyo haikumchubua, ila ilimpa hamu ya kwenda kuitengeneza.

Majina yakaanza kuingia. Kwanza kwa matone, kisha Dorcas akajiandikisha kwelikweli, Chenge naye peke yake bila kidole cha mtu, kisha bweni zima la wasichana wa mwaka wa kwanza. Thelathini ikafika, ikapitwa. Mshauri wa wanafunzi akaifungua tovuti ofisini mwake, mwenyewe, mbele ya Hellen, akaona kitufe na kukibonyeza kwa bahati mbaya. Akajikuta na yeye anaenda Saanane.

Jumamosi ile ziwa lilikuwa limetulia. Pale Capri Point wanafunzi walijaa langoni, wengine wakigawana jaketi za kujiokolea, na Rahim akawa anaita majina ya boti ya kwanza.

"P. Malimi!" Akapaza sauti. "P. Malimi yupo? Hellen, huyu ni nani? Wa mwaka wa kwanza?"

"Nadhani," alisema Hellen.

"Nipo!" ikajibu sauti nyuma ya umati.

Watu wakapisha njia. Bibi Paskazia alikuja taratibu, kitenge kipya, miwani usoni na ile karatasi ya dukani bado imening'inia pembeni. Mkono mmoja alishika chupa ya maji, mwingine kapu. Nyuma yake Masalu alitweta kwa kupanda na kushuka vilima.

Hellen akamkimbilia. "Masalu, ni wewe uliyemwandikisha?"

"Mimi nilikuwa Makoroboi na wateja wangu," alisema Masalu. "Jana kanipigia kutoka Magu, anasema kesho nimpokee stendi asubuhi, ana safari. Nikamwuliza safari gani, akasema nisome tovuti."

Hellen akageuka. "Bibi. Nani alikuonyesha?"

"Nani anionyeshe? Nilifungua nikiwa nyumbani. Nikawaona nyote mko pamoja, nikasema, haya, kuna watu wa kuongea nao. Nikabonyeza chekundu. Ikaniuliza jina, nikaandika la kwa baba yangu. Ikaniambia nije hapa na maji na kofia." Akainua chupa. "Maji haya. Kofia sina, nimejifunga kilemba. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote," alisema Hellen, na hapo machozi yakamtoka mbele ya klabu nzima, wala hakujali. Alimkumbatia bibi yake na kapu lake la matobolwa lote. Rahim akasimama kando akijifanya anahesabu jaketi.

"Niache, mke mwenzangu, utanivunjia miwani, bwana wetu amesema hata kalatasi isibanduliwe," alisema Bibi, lakini hakujitoa.

Walimpandisha kwenye boti, wakamkalisha katikati, mshauri wa wanafunzi upande mmoja na Dorcas upande wa pili. Kabla injini haijawashwa, Bibi akatoa simu yake, akampa Masalu aliyebaki nchi kavu. "Piga picha. Nataka mzee aone kwamba sikwenda peke yangu. Lahim, njoo. Nyote, sogeeni, sogeeni!"

Wakasogea, wakabanana, boti ikayumba na watu wakapiga kelele. Masalu akapiga, akaingia majini hadi magotini kumrudishia simu. Bibi akaishika mbali na uso, akaileta karibu, akaichunguza kona hadi kona kupitia miwani yake mizima.

"Nzuli," alisema. "Watu wote wapo." Kisha akamgeukia Hellen. "Ila wewe, mke mwenzangu, meno bado."